Kufanyia Kazi Nyumbani kwa Zana Muafaka za Mawasiliano: Manufaa yake katika Utafiti wa Lugha Wilayani Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Utafiti wa lugha za Tanzania umezoeleka kuwa kazi ya safari. Mtafiti hutoka chuoni wakati wa likizo akiwa na hojaji na kinasa sauti, hufikia katika mji wa wilaya, huingia vijijini kwa wiki chache, kisha hurejea na data ambayo ataichambua kwa miezi au miaka akiwa mbali na wasemaji wenyewe. Utaratibu huu umezaa kazi nyingi za thamani. Hata hivyo, una kasoro moja ya kimsingi: msemaji wa lugha anahitajika kwa siku chache tu, na baada ya hapo hana nafasi tena katika uchambuzi wa lugha yake.

Makala haya yanajadili utaratibu mwingine, yaani ule ambao mtafiti au msaidizi wake huishi kwao, hufanyia kazi nyumbani, na huwasiliana na wenzake kwa simu na mtandao. Eneo linalochukuliwa kuwa mfano ni wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni eneo la lugha kadhaa zinazokaribiana, zikiwemo Kizigua na Kishambaa, ambazo zina toni na kwa hiyo zinadai uangalifu mkubwa katika kurekodiwa. Pili, lipo karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, umbali usio mkubwa sana, lakini unaotosha kumfanya mtafiti asirudi kila anapokutana na swali dogo. Tatu, wasemaji wa Kizigua wametawanyika hadi nje ya Tanzania, kiasi kwamba hakuna safari moja inayoweza kuwakusanya.

Hoja inayotetewa ni kwamba kufanyia kazi nyumbani kuna manufaa halisi kwa taaluma, ila manufaa hayo hutegemea uteuzi wa zana. Zana isiyofaa huharibu data bila mtafiti kujua.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vema kulifafanua jina la jambo lenyewe. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vimetumia sana fungu la maneno "kufanya kazi kutoka nyumbani". Sambamba nalo limetumika "kufanyia kazi nyumbani". Mafungu haya mawili hayalingani kimaana.

Kihusishi "kutoka" katika Kiswahili huonyesha chanzo cha mwendo au mwanzo wa kipimo: barua kutoka Korogwe, safari kutoka Mombo hadi Handeni, mshahara kutoka serikalini. Kinapoambatanishwa na tendo lisilo na mwendo, kama kulima, kushona au kuandika, msikilizaji hubaki akingoja kuambiwa mwendo huo unaishia wapi. Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha mahali pa tendo, nayo ni kauli ya kutendea. Husemwa kwamba mgeni alifia njiani, wageni walilia chakula barazani, au fundi anashonea kibarazani kwake. Mnyambuliko huo hauonyeshi mahali tu, bali hupafanya mahali hapo kuwa sehemu ya habari yenyewe. Kwa msingi huo, "kufanyia kazi nyumbani" ndilo fungu linalotokana na sarufi ya Kiswahili.

Hata hivyo, isisemwe kwamba fungu la "kutoka nyumbani" halina mahali kabisa. Mtu anaweza kutuma ripoti kutoka nyumbani, kupiga simu kutoka nyumbani, au kushiriki mkutano kutoka nyumbani, kwa sababu katika matendo hayo kipo kitu kinachosafiri, ama sauti ama maandishi. Tofauti hii ina faida ya kiuchambuzi. Inaonyesha kwamba utaratibu unaojadiliwa una sehemu mbili: kazi inayofanyiwa nyumbani, na matokeo yanayotumwa kutoka nyumbani. Sehemu ya kwanza inahitaji mahali patulivu na ujuzi. Ya pili inahitaji zana za mawasiliano. Mjadala unaochanganya sehemu hizi mbili hudhani kwamba mwenye simu amekwisha kuwa mfanyakazi.

Lipo pia fungu la tatu, "kazi ya nyumbani". Hili lina maana zake za zamani: kupika, kufua, kuteka maji, na shuleni ni zoezi ambalo mwanafunzi huenda nalo kwao. Fungu hili halifai kuwa istilahi ya jambo linalojadiliwa, lakini lisisahauliwe, kwa kuwa maana zake zitarejea katika sehemu ya mipaka hapa chini.

3.0 Usuli wa Kihistoria

Wazo la wanataaluma kufanya kazi pamoja wakiwa mbalimbali si geni katika historia ya Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwezi Januari 1930, iliundwa na wajumbe wa nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Wajumbe hao hawakukaa katika jengo moja. Walikutana kwa nadra, na kati ya mkutano mmoja na mwingine miswada, orodha za maneno na maoni vilipita katika posta. Makao ya Kamati yenyewe yalihama mara kadhaa, kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952 na Mombasa mwaka 1962, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Kazi haikufa kwa kuhamahama huko, kwani uti wa mgongo wake ulikuwa barua.

Kwa upande wa Korogwe, njia ya barua ilifunguka mapema. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, ikaendelea hadi Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Handeni haikupitiwa na reli, na hivyo iliendelea kutegemea barabara. Lakini hata pale reli ilipofika, posta haikumfikia mtu nyumbani kwake. Mfumo wa Tanzania ulikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, wa sanduku la barua. Barua huishia katika sanduku mjini; mwanakijiji asiye na sanduku hutumia la shule, la kanisa au la ndugu aliyeajiriwa. Simu nayo ilikuwa ya ofisini. Ilimpasa mtu atoke nyumbani ili awasiliane.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Sheria za mwaka 1993 zililigawa Shirika la Posta na Simu, na mwaka uliofuata kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ikaanza kutoa huduma nchini. Mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Tanzania. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliunganishwa Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Kwa mtazamo wa mada hii, umuhimu wa hatua hizo hauko katika kasi pekee. Simu ya mkononi ilikuwa zana ya kwanza ya mawasiliano iliyomfuata mtu wa Sindeni au Bungu hadi uani kwake, badala ya kumtaka yeye aifuate mjini.

Taaluma ya Kiswahili ilizitumia fursa hizi mapema. Mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, chini ya Martin Benjamin, ulitegemea michango ya watu waliokuwa nchi mbalimbali. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na wachangiaji ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Swali lililobaki ni kama utaratibu huohuo unaweza kutumika kwa lugha ambazo hazina hazina kubwa ya maandishi, na ambazo data yake imo vinywani mwa wazee.

4.0 Hali ya Lugha katika Eneo

Katika uainishaji wa Guthrie, lugha za eneo hili zimo katika kundi G: Kishambaa ni G23, Kibondei G24, Kizigua G31 na Kinguu G34. Kizigua ndiyo lugha ya wenyeji wengi wa Handeni, na husikika pia katika Kilindi, Pangani na sehemu za Korogwe. Kishambaa kina ngome yake Lushoto, lakini kinashuka hadi milima na mabonde ya Korogwe. Kibondei kipo zaidi Muheza. Juu ya lugha hizi zote kipo Kiswahili, lugha ya shule, soko, ofisi na ibada.

Lugha hizi hazikukosa watafiti. Ruth Besha alichapisha uchambuzi wa njeo na hali katika Kishambaa mwaka 1989, na David Odden alishughulikia toni za lugha hiyohiyo mwaka 1982. Toni za Kizigua zilichambuliwa na Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth katika makala yao ya mwaka 1990. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009. Lakini kati ya uchambuzi wa kisarufi na hazina kamili ya msamiati, simulizi, methali na majina ya mimea, bado ipo nafasi kubwa. Watoto wanaokulia Korogwe mjini, Segera au Mkata huanza na Kiswahili. Kila mzee anayefariki huondoka na maneno ambayo hayakuulizwa.

Kuna jambo jingine linaloipa Kizigua nafasi ya pekee. Katika karne ya 19, idadi ya Wazigua walipelekwa utumwani hadi pwani ya Somalia, na wazao wao wakaishi katika bonde la mto Juba wakiendelea kusema lugha yao. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya. Baadhi walirudi katika nchi ya mababu. Walipewa hifadhi Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyohiyo, na wengi wao baadaye walipata uraia wa Tanzania. Wengine walipelekwa Marekani kutoka kambi za Kenya kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo, ulinganishi wa lahaja za Kizigua leo unahitaji kusikiliza Handeni, Chogo, bonde la Juba na miji ya Marekani. Mtafiti anayetegemea safari peke yake atachagua mahali pamoja na kupuuza pengine kote.

5.0 Zana Muafaka ni Zipi?

Uteuzi wa zana unapaswa kutokana na muundo wa lugha inayotafitiwa. Mfano wa Kizigua unalidhihirisha jambo hili. Kenstowicz na Kisseberth wanaonyesha kwamba vitenzi vya Kizigua vimegawanyika katika makundi mawili: vile visivyo na toni ya juu, na vile vyenye toni ya juu katika mzizi. Kitenzi "kudamanya", yaani kufanya, ni cha kundi la kwanza. Hubaki bila toni ya juu hata kinaponyambuliwa: "kudamanyiza", kufanyia, "kudamanyizana", kufanyiana. Kitenzi "kulombéza", yaani kuomba, ni cha kundi la pili. Toni yake ya juu haikai katika mzizi, bali huhamia silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno linaporefuka: "kulombéza", "kulombezéza", "kulombezezána". Alama ya mkazo hapa inaonyesha mahali pa toni.

Katika maandishi ya kawaida ya Kizigua, alama hizo hazitiwi. Hivyo basi, msaidizi aliyeko Handeni akimtumia mtafiti orodha ya vitenzi kwa ujumbe mfupi wa maandishi, atakuwa amemtumia konsonanti na irabu tu. Toni itakuwa imebaki Handeni. Mtafiti asiyelijua jambo hilo anaweza kuandika kurasa nyingi za uchambuzi wa mofolojia na kudhani kwamba data yake ni kamili.

Mazungumzo ya simu ya kawaida yana tabia iliyo kinyume chake. Mfumo wa simu wa zamani hupitisha sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume huwa mara nyingi chini ya hezi 150, na wa mwanamke karibu na hezi 200. Yote miwili iko nje ya mpaka huo. Hata hivyo, sikio la binadamu hutambua kiwango cha sauti kutokana na mpangilio wa mawimbi ya juu yanayoandamana na mtetemo wa msingi, kwa hiyo toni husikika vizuri katika simu. Kinachopotea ni nguvu za vikwamizi kama /s/, ambazo sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Ndiyo sababu wazungumzaji wa simu hulazimika kutaja majina herufi kwa herufi, na /s/ hudhaniwa kuwa /f/.

Kutokana na ulinganishi huu, zana mbili zilizo duni kila moja peke yake huwa timilifu zinapotumiwa pamoja: maandishi kwa konsonanti, sauti kwa toni. Orodha iandikwe na itumwe, kisha isomwe kwa sauti mwandishi na mpokeaji wakiwa wanaitazama nakala ileile.

Kwa data ya kuhifadhiwa, kinahitajika kiwango cha juu zaidi. Rekodi isiyobanwa yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, katika mkondo mmoja wa sauti, huchukua megabaiti 5.3 kwa dakika, au takriban megabaiti 318 kwa saa. Ujumbe wa sauti unaobanwa hadi biti 16,000 kwa sekunde huchukua megabaiti 7 tu kwa saa. Tofauti hii ya zaidi ya mara 40 inaeleza kwa nini watumiaji wengi hupendelea ujumbe uliobanwa, na pia kwa nini ujumbe huo haufai kuwa nakala pekee. Sauti ikishabanwa kwa namna hiyo, kilichotupwa hakirudi.

Utaratibu unaopendekezwa ni rahisi. Msaidizi arekodi kwa kinasa sauti katika umbo lisilobanwa na kuihifadhi nakala hiyo katika kadi mbili. Nakala iliyobanwa itumwe kwa mtandao siku ileile, ili mtafiti asikilize na kuuliza maswali wakati mzungumzaji bado anakumbuka alichosema. Kadi moja isafirishwe baadaye kwa njia ya uhakika, kwa mfano kifurushi cha basi kupitia Segera, utaratibu ambao wakazi wa Korogwe na Handeni wanaufahamu vizuri. Hivyo mtandao hutumika kwa mazungumzo, na barabara hutumika kwa uzito.

6.0 Manufaa

Manufaa ya kwanza ni ya majira. Eneo hili lina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Likizo ndefu za vyuo huangukia zaidi kiangazi. Mtafiti anayekuja wakati huo huuliza majina ya magugu ya masika, ya uyoga na wadudu wa mvua, akiwa hana cha kuonyesha. Mzee hujibu kwa kukumbuka, na mara nyingi hujibu kwa neno la jumla. Msaidizi anayeishi Sindeni au Magoma hulikuta gugu lenyewe shambani, hulipiga picha, hulitaja, na hurekodi sentensi ambamo jina hilo hutumika. Msamiati wa kilimo, ambao ni sehemu kubwa ya hazina ya lugha hizi, hupatikana katika wakati wake.

Manufaa ya pili ni uwezo wa kurudia swali. Kila aliyechambua data ya uwandani anaijua hali ya kukutana, miezi mingi baadaye, na neno moja lisiloeleweka: je, ni kosa la kuandika, ni lahaja, au ni kanuni mpya? Katika utaratibu wa zamani, neno hilo huachwa au huwekewa alama ya kuuliza. Katika utaratibu unaojadiliwa, linaulizwa jioni ileile. Aidha, linaweza kuulizwa kwa watu watano walioko Handeni, Kabuku, Mombo, Chogo na ng'ambo katika wiki moja, kwa hojaji ileile. Ulinganishi wa lahaja hupata msingi ambao safari moja haiwezi kuutoa.

Manufaa ya tatu yanahusu hali ya mzungumzaji. Mzee anayeitwa ofisi ya kata ili ahojiwe na mgeni huongea kama anavyoongea ofisini, na aghalabu huteleza kuelekea Kiswahili. Mzee huyohuyo akiwa na mjukuu wake barazani, wakichambua maharage, husema lugha anayoisema siku zote. Msaidizi ambaye ni mwana wa nyumba anajua pia adabu za mahali: nani wa kuamkiwa kwanza, swali gani haliulizwi mbele ya wakwe, simulizi gani haisimuliwi mchana.

Manufaa ya nne ni ya watu wenyewe, na pengine ndiyo mazito zaidi. Kijana wa Handeni aliyehitimu shahada ya Kiswahili au isimu huwa na njia mbili anazozijua: kusubiri ajira ya ualimu, au kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi isiyohusiana na alichosomea. Kazi za kunukuu rekodi, kutafsiri, kusahihisha miswada na kuandaa vidahizo vya kamusi zinaweza kufanyiwa nyumbani. Malipo yake yanaweza kutumwa kwa simu, jambo ambalo kabla ya mwaka 2008 lilihitaji safari ya mjini. Anayebaki kwao akiwa na kazi ya kitaaluma huendelea kuwa msemaji, mzazi na jirani wa wasemaji. Kwa lugha ambayo watoto wanaanza kuiacha, kubaki kwa watu wa namna hiyo kuna uzito kuliko kitabu kimoja zaidi katika maktaba.

7.0 Mipaka na Tahadhari

Pamoja na manufaa hayo, ipo mipaka inayostahili kutajwa waziwazi. Umeme na mtandao havipatikani kwa usawa. Kijiji kilicho kando ya barabara kuu na kile kilicho nyuma ya kilima havina hali moja. Nyumba yenyewe si studio. Mvua juu ya bati huifuta sauti ya mzungumzaji kabisa, na jogoo hamngoji mtafiti. Hizi ni kero zinazozoeleka kwa kupanga saa na mahali, lakini zinapaswa kuingizwa katika ratiba na bajeti. Gharama ya vifurushi vya intaneti isiachwe mabegani mwa msaidizi.

Mpaka wa pili unarejea katika fungu la "kazi ya nyumbani". Mwanamke anayefanyia kazi nyumbani huonekana na jamaa zake kuwa yuko nyumbani tu. Atatumwa maji, ataachiwa watoto, na ataanza kunukuu rekodi usiku watu wamelala. Kwa upande mmoja, utaratibu huu humfungulia mlango yule ambaye asingeweza kuiacha familia kwa wiki nne za uwandani. Kwa upande mwingine, unaweza kumwongezea kazi ya pili juu ya ya kwanza. Mradi unaoajiri wasaidizi wa namna hii unawajibika kueleza saa za kazi mbele ya wenye nyumba, ili kazi hiyo iheshimiwe kuwa kazi.

Mpaka wa tatu ni wa haki. Sauti ya mzee ni mali yake. Inapotumwa kwa simu, inaweza kusambaa bila yeye kujua. Ridhaa inayochukuliwa ieleze wazi rekodi itakwenda wapi na nani ataisikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeliweka suala hili katika misingi ya kisheria nchini Tanzania, na vibali vya utafiti vinavyotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia havimwondolei mtafiti wajibu huo. Hali kadhalika, msaidizi anayekusanya, kunukuu na kufafanua data kwa mwaka mzima hatoshelezwi na mstari mmoja wa shukrani. Anapochangia uchambuzi, jina lake lastahili kuwa pamoja na majina ya waandishi.

Mwisho, ipo data ambayo haipiti katika waya wala hewani. Ishara za mikono, kicheko kinachokatiza simulizi, ukimya wa wasikilizaji na mpangilio wa watu wanaokaa uani ni sehemu ya matumizi ya lugha. Mtafiti hana budi kufika. Kuna barabara ya lami ya takriban kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni, na hakuna zana inayoifanya barabara hiyo isiwe na maana. Kinachobadilika ni lengo la safari. Mtafiti aliyekuwa akiwasiliana na wenyeji kwa miezi sita haendi kuomba orodha ya maneno, bali huenda kuona yale ambayo sauti peke yake haikuweza kumpa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufanyia kazi nyumbani ni utaratibu wenye mizizi katika taaluma ya Kiswahili tangu enzi za Kamati ya mwaka 1930, na kwamba zana za leo zimeondoa kikwazo kilichokuwa kikimlazimisha mwanakijiji kutoka nyumbani ili awasiliane. Kwa lugha za Handeni na Korogwe, manufaa yake ni data inayofuata majira, maswali yanayoweza kurudiwa, wazungumzaji walio huru, na wahitimu wanaobaki katika jamii zao. Zana zinazofaa ni zile zinazochaguliwa kwa kuzingatia kile ambacho lugha yenyewe inakibeba. Katika Kizigua, zana isiyobeba toni haibebi lugha.

Idara za Kiswahili na isimu zinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kila mwanafunzi wa uzamili anayetafiti lugha ya eneo hili apewe msaidizi mwenyeji kwa muda wa mwaka mzima badala ya wiki nne, vinasa sauti viwili, na fungu la fedha za mawasiliano lililotajwa katika bajeti kwa jina lake. Wasemaji wakongwe wa Kizigua na Kishambaa bado wapo barazani mwao. Kila masika inayopita bila kurekodiwa huipunguza idadi yao, na uamuzi wa kuwasikiliza mapema uko mikononi mwa idara hizo.